Je, Wajua? Fomula za Hesabu Nazo Huzaana

• Milinganyo tofautishi hueleza mambo yanayobadilika: sayari inavyozunguka, joto linavyosambaa, ugonjwa unavyoenea. Mingi haina jibu kamili la kuandikwa, hivyo kompyuta hulikadiria hatua kwa hatua.

• Leonhard Euler alichapisha njia yake ya kukadiria mwaka 1768. Ukikata hatua nusu, kosa nalo hupungua kwa nusu tu.

• Wajerumani Carl Runge (1895) na Wilhelm Kutta (1901) walileta nafuu kubwa. Kwa fomula yao ya daraja la 4 (daraja ni kipimo cha usahihi; njia ya Euler ni ya daraja la 1), ukikata hatua nusu, kosa hupungua takriban mara 16.

• Kutta naye aliteleza! Fomula zake za daraja la 5 zilikuwa na dosari, zikasahihishwa na Nyström mwaka 1925.

• Fomula ya daraja la 4 inayopiga hesabu mara 4 katika kila hatua ina namba 10 za kutafutwa, lakini masharti ambayo namba hizo lazima ziyatimize ili kufikia daraja hilo ni 8 tu. Uhuru unaobaki unaacha swali: ni namba zipi zitaleta kosa dogo zaidi?

• Ukipanda daraja, masharti hufurika: daraja la 5 lina 17, la 6 lina 37, la 8 lina 200. John Butcher wa New Zealand alionyesha kwamba kila sharti lina mchoro wake wa mti.

• Namba bora zinaweza kutafutwa kwa kuiga mageuzi ya viumbe. Mwaka 1997 Rainer Storn na Kenneth Price walichapisha mbinu ya mageuzi tofautishi. Kompyuta huanza na kundi la majibu ya kubahatisha, huchukua tofauti ya majibu mawili na kuiongeza kwa la tatu, kisha huchanganya matokeo na jibu la zamani (mzazi) kupata jibu jipya (mtoto). Mtoto akimshinda mzazi, anachukua nafasi yake.

• Mgiriki Charalampos Tsitouras na wenzake wameitumia mbinu hiyo kutafuta namba za fomula za Runge na Kutta, wakizipima kwa matatizo kama mizunguko ya sayari.

• Tahadhari: fomula iliyofunzwa kwa sayari inaweza kushindwa na ile ya kawaida kwenye tatizo la aina nyingine. Ijaribu kwanza kwenye kazi yako kabla ya kuiamini.