Sura ya Nne: Deni la Mtani

Ukipanda treni ya reli ya kati kuelekea Tabora, ukishaipita Itigi utasafiri muda mrefu ukiona vichaka na miombo tu dirishani. Wapagazi wa karne ya 19 waliliita pori hilo Mgunda Mkali. Walilivuka kwa miguu, mzigo wa kilo thelathini na kitu begani, wakiomba visima visiwe vimekauka. Kijiji cha kwanza cha Unyamwezi walichokifikia ng'ambo ya pili kilikuwa Tura. Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni tua, yaani weka mzigo chini. Hata asiyejua neno la Kinyamwezi analisikia tua ndani ya Tura.

Nimeianzia hapa sura ya jumuiya za mtandaoni kwa sababu msafara ulikuwa na tatizo lile lile linalotusumbua leo. Mamia ya watu wa koo na lugha mbalimbali walitembea pamoja kwa miezi, wengi wao hawajawahi kuonana kabla ya siku ya kuondoka. Nini kilimfanya mtu amhangaikie asiye ndugu yake? Kundi la WhatsApp la wazaliwa wa Uyui, mkoani Tabora, lenye mhasibu aliyeko Mwanza, muuguzi aliyeko Muscat na fundi umeme aliyeko Dodoma, likitaka mtoto wa nyumbani amalize kidato cha nne, litakutana na swali hilo hilo.

Njia ya misafara ilijibu kwa utani. Wanyamwezi waliokuwa wakishuka Bagamoyo walitaniana na Wazaramo, Wazigua, Waluguru na wengine wa njiani. Siku hizi tunaujua utani kwa vituko vya msibani, mtu analala kaburini mpaka apewe hela. Lakini mzaha ule ulikaa juu ya wajibu mzito. Mpagazi akifia ugenini, mtani ndiye wa kumzika. Akifika na njaa, mtani hakuwa na uso wa kumfungia mlango. Watu wa makabila yaliyokuwa yamewahi kupigana walipata namna ya kudaiana bila kuchukiana, na aliyekwepa wajibu wake alisemwa hadharani, tena kwa kucheka, jambo linalouma kuliko kukaripiwa. Ninaona hapo ndipo penye siri ya jumuiya yoyote ya maadili: wema umegeuzwa deni, na deni lina mdai anayejulikana.

Makundi mengi ya mtandaoni huanguka hapo. Niliwahi kuwa ndani ya moja. Kwenye maelezo ya kundi admini alikuwa ameandika Upendo, Uwajibikaji, Elimu Kwanza. Wiki ya kwanza tulichanga fedha za madaftari. Ya pili ilikuwa ya maua ya kutakiana asubuhi njema. Kufikia mwezi wa tatu zilibaki taarifa za misiba na video za kusambazwa, na watoto tuliosema tunawasaidia hakuna aliyejua wanasoma nini. Hatukuwa watu wabaya. Ni kwamba hakuna aliyelala usiku akijua kuwa kesho kuna mtu anamdai kitu fulani.

Nchi hii iliwahi kulifanya jambo la namna hii vizuri sana, kabla ya simu ya mkononi. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Lengo lilikuwa watu milioni moja, wakajiunga karibu milioni mbili, katika vikundi vipatavyo 75,000. Kwa wiki 12 kila kikundi kilikaa kuzunguka redio, kikasikiliza kipindi, kikasoma kitabu kwa sauti ili wasiojua kusoma wasiachwe, kikajadili, kisha kikaenda kufanya. Walichimba vyoo, wakafyeka vichaka karibu na nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu. Sauti ilitoka mbali, Dar es Salaam, lakini anayekuangalia kama choo chako umekichimba alikuwa jirani yako. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake aliyepewa mafunzo mafupi, naye alikuwa mtu wa hapo hapo kijijini.

Mfano wa karibu zaidi ni mtandao wa wasichana waliosomeshwa na shirika la CAMFED, ulioanzia Zimbabwe mwaka 1998. Tanzania shirika hilo limefanya kazi tangu 2005. Msichana akimaliza shule anaweza kujitolea kurudi darasani kukaa na wadogo zake, kuwafundisha kujiamini na kuwafuatilia wanaoanza kukosa shule. Baadhi hupata mkopo wa kuanzishia biashara ambao hautozwi riba ya fedha. Riba yake ni saa zao za kujitolea. Sijui njia nzuri kuliko hiyo ya kuliweka neno uwajibikaji mahali linapoweza kuhesabiwa.

Basi kwa Tura, au kijiji chochote ambako mtoto akitoka shule anapitia shamba la tumbaku kabla ya kufungua daftari, ningeanza na kikundi kidogo. Mtu mzima mmoja, watoto wawili, siku moja ya wiki inayojulikana. Lile kundi kubwa la watu mia mbili libaki la kuchanga na kutangaza. Fedha zipitie shuleni kwa stakabadhi, zisitumwe kwenye simu ya mtoto. Na hakuna mtu mzima atakayezungumza na mtoto faraghani: mazungumzo yote yawe ya watu wanne, mzazi au mlezi akiwa mmoja wao. Kwa sharti hili nisingemsamehe yeyote, hata awe mfadhili mkubwa kiasi gani.

Simu yenyewe mara nyingi ni ya mama au kaka, kwa kuwa shule haziruhusu mwanafunzi kuja nayo. Bando ni dogo. Video ya dakika ishirini haina faida kwake. Picha moja na sauti fupi zinamtosha, na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure mtandaoni, mtu wa mjini anaweza kupiga picha ukurasa mmoja unaohitajika akautuma.

Nikuonyeshe Jumapili moja ya kikundi cha namna hiyo. Saa mbili usiku iliingia picha ya ukurasa wa daftari, kona imeloa mafuta ya taa. Gramu 5.3 za sodiamu kaboneti ni moli ngapi? Chini yake: 0.5. "Shikamoo dada, mwalimu ameweka kosa." Dada, muuguzi aliyetoka zamu, hakutuma jibu. "Marahaba mdogo wangu. Nionyeshe ulivyogawa." Ikaja picha ya pili, 5.3 chini ya mstari wa mgawanyo, 106 pembeni, na nukta imeteleza nafasi moja. Dada akarekodi sauti ya sekunde arobaini: gramu 106 ni moli moja, gramu 53 ni nusu yake, sasa wewe una 5.3, iweje nayo iwe nusu? Kimya cha dakika sita. Kisha: "0.05. Nimeelewa dada." Mama alikuwa humo humo kundini, akaweka mkono wa kushukuru.

Maadili ya kikundi yatapimwa zaidi siku mambo yatakapoharibika. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa ujauzito anaweza kurudi. Ruhusa ipo, lakini anayerudi anakaa dawati moja na wadogo zake, na nyumbani kuna mtoto wa kunyonyesha. Kikundi kinachomtaja jina ili kuwaonya wengine kimeshamtupa. Kinachobadilisha saa yake ya masomo ili ilingane na usingizi wa mtoto kimembeba. Matokeo ya mtihani nayo yasibandikwe kundini kwa majina, hata yakiwa mazuri. Yule aliyefeli yumo humo anasoma.

Yule wa moli alimaliza kidato cha nne na sasa yuko chuo cha ualimu. Amepewa watoto wawili wa kidato cha pili. Jumapili iliyopita mmoja hakutuma kazi yake, na ilipofika saa tatu kasoro alimpigia mama yake kuuliza kulikoni.