Nyota-manyoya wa Bahari za Tropiki: Uzito wa Jina Sahihi

Nyota-manyoya ni mnyama, wala si mmea, ingawa juu ya matumbawe huonekana kama kishada cha manyoya ya rangi. Ni wa ukoo mmoja na kiti cha pweza na jongoo bahari. Mdomo wake huelekea juu. Mikono yake hunasa chembe za chakula zinazopita na maji, nazo husafirishwa kwa vijifereji hadi mdomoni.

Ngeli yake, Crinoidea, ilipewa jina na J. S. Miller mwaka 1821. Spishi zilizo hai ni zaidi ya 600, na nyingi kati yake ni nyota-manyoya. Mchanga wao hukua juu ya bua. Akikomaa huliacha, akabaki na vikucha vya kushikia mwamba. Bahari za Indonesia na Ufilipino zina spishi nyingi mno. Katika pwani ya Afrika Mashariki yupo, miongoni mwa wengine, Tropiometra carinata mwenye mikono 10.

Kuwatambua si kazi nyepesi. Rangi hudanganya, kwa kuwa spishi moja yaweza kuwa na rangi kadhaa. Idadi ya mikono nayo haitoshi: wapo wenye 10 na wapo wenye zaidi ya 100, na mkono uliokatika huota upya. Kwa hiyo wataalamu huchunguza viungo vya mifupa, vikucha na vijinyoya vya kando ya mikono. Familia ya Comatulidae, kwa mfano, hutambulika kwa vijinyoya vya karibu na mdomo vyenye meno kama kitana. Aghalabu mdomo wenyewe umesogea pembeni. Uchunguzi wa vinasaba umebainisha kwamba baadhi ya majina ya zamani yalifunika spishi zaidi ya moja.

Je, jambo hili lamhusu nini tabibu? Wanyama hawa hutengeneza kemikali zinazowafanya wasipendeze kuliwa na samaki. Kutoka kwa jamaa yao wa kina kirefu karibu na New Caledonia, Gymnocrinus richeri, zilipatikana rangi ambazo maabarani zilizuia virusi vya dengi. Matokeo hayo si tiba bado. Hata hivyo, ikiwa sampuli imepewa jina lisilo lake, mtafiti wa pili atakusanya mnyama mwingine, ataikosa kemikali iliyotajwa, na huenda akahitimisha kwamba mwenzake alikosea.

Hospitalini, kipande cha nyama kilichochunguzwa huhifadhiwa ili uchunguzi uweze kurudiwa. Sampuli ya bahari yastahili uangalifu uleule: mnyama mmoja mzima awekwe makumbusho, sehemu yake ihifadhiwe katika alkoholi kwa ajili ya vinasaba, na mahali, tarehe na kina viandikwe. Jina likisahihishwa baadaye, kemikali itaendelea kujulikana ni ya mnyama gani.