Nusu ya Kauli ya Daktari

Daktari wa hospitali ya wilaya mara nyingi hunukuliwa vibaya kwa maneno ambayo kweli aliyatamka. Ni nadra mwandishi kutunga kauli kutoka kichwani. Ila kauli ya kitabibu huja na masharti yake: iwapo maabara itathibitisha, kwa wagonjwa waliochelewa kufika, ukilinganisha na mwaka jana. Habari inapopunguzwa ili itoshe kwenye safu, masharti ndiyo hutangulia kukatwa.

Hayo yalinipata nikiwa hospitali ya vijijini. Mwandishi wa gazeti moja aliniuliza kuhusu vifo vya wajawazito. Nikamweleza kuwa vimeongezeka wodini kwetu kwa sababu gari la wagonjwa sasa linafika kwenye zahanati za mbali, na linatuletea akina mama ambao zamani wangefia nyumbani au njiani. Kilichochapishwa kikaishia kwenye “vimeongezeka.” Gari halikutajwa.

Takwimu hizi zina mtego wake hata kwa mwandishi makini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi Tanzania kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Hicho ni kipimo cha nchi nzima. Sasa chukua hospitali ya mfano yenye vizazi hai 2,000 kwa mwaka. Wakifariki akina mama wawili, hesabu ni 100 kwa 100,000. Mwaka unaofuata wakifariki wanne, inakuwa 200. Mhariri anaweza kuandika kwamba vifo vimeongezeka maradufu, au kwamba hospitali hiyo inakaribia mara mbili ya kiwango cha taifa, na asiwe amekosea hesabu popote. Lakini tofauti yenyewe ni akina mama wawili, na huenda wote wawili walipewa rufaa wakiwa tayari wamepoteza damu nyingi. Kila kifo kinastahili kuchunguzwa, na huchunguzwa. Ila idadi ndogo hivyo hairuhusu kusema huduma imeboreka au imezorota.

Mtego mwingine ni pale daktari anaposema hajui. Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, wagonjwa walifika wakiwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko-19 havikuonyesha maambukizi. Kwa siku kadhaa jibu la kweli lilikuwa kwamba chanzo bado kinatafutwa. Kumbe ilikuwa leptospirosisi, homa ya mgunda, inayotokana na bakteria wanaosambazwa na mkojo wa wanyama. Wagonjwa walikuwa 20, watatu wakafariki. Tabibu anaposema “bado hatujajua” ana maana ya orodha inayofupishwa kipimo kimoja baada ya kingine. Msikilizaji aliyeko barazani husikia ugonjwa wa ajabu usio na tiba.

Simlaumu sana mwandishi wa mkoani. Wengi hulipwa kwa habari iliyotoka, nauli ni yao, na kichwa cha habari huandikwa na mtu mwingine aliyeko Dar es Salaam. Nasi tuna letu. Mtumishi wa umma anajua kuwa msemaji ni mganga mfawidhi au mganga mkuu wa wilaya, kwa hiyo hujibu “mimi si msemaji” na kufunga mlango. Mwandishi hataondoka mikono mitupu. Atamuuliza ndugu wa mgonjwa, dereva, au muuza chai wa getini, na wao hawana masharti ya kukatwa.

Mimi siku hizi naanza na sharti. Nasema: “Kwa kuwa tunapokea rufaa nyingi zaidi, vifo vimeongezeka,” maana kuikata sentensi hiyo katikati ni kazi. Namba naitoa pamoja na jumla yake, kwa maandishi, na kumwomba mwandishi anisomee alichoninukuu kabla hatujaachana. Umri na kijiji cha mgonjwa sivitaji kamwe. Kijijini hivyo viwili vinatosha kumtambua mtu hata jina lisipoandikwa.

Kosa likishatoka, mhariri huombwa masahihisho kwa barua fupi inayotaja sentensi husika na iliyo sahihi. Asipokubali, lipo Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, ambalo husuluhisha malalamiko bila kwenda mahakamani. Lakini masahihisho ya gazetini humfikia nani? Mama mjamzito aliyeogopa kuja kujifungua kwetu hakulisoma gazeti. Alisikia kichwa cha habari tu, asubuhi, katika kipindi cha redio cha kupitia magazeti. Kwa hiyo nakala ya pili ya barua huenda kwa redio hiyo, na ya tatu nampa mratibu wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maana wao ndio watakaoulizwa mlangoni kama ni kweli hospitali inaua.