Reli ya toroli uani: njia ya kuwahi mvua kabla haijauwahi mpunga

MWENYE mashine ya kukoboa mpunga mjini Ifakara anajua gharama ya wingu moja jeusi mwezi Mei. Mpunga umetandazwa juu ya maturubai, vibarua ni watatu, ghala liko mita 60 kutoka uwanja wa kuanikia, na katikati yake ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaonasa mguu mpaka kwenye kifundo. Mpunga uliokwisha kukauka ukilowa tena, punje hupata nyufa ndani ya ganda, na siku ya kukoboa hutoka chenga badala ya mchele mzima. Bei ya chenga kila mfanyabiashara anaijua.

Ipo dawa ya zamani isiyotumia mafuta wala umeme, nayo ni reli nyepesi ya toroli inayosukumwa kwa mkono. Katika bonde la Kilombero neno reli humkumbusha mtu TAZARA, kazi ya kilometa 1,860 iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Hapa inazungumziwa reli ya mita 60, inayoweza kutengenezwa na fundi wa mageti, kuanzia ghalani mpaka uwanjani, au kutoka bustani ya ndizi mpaka barabarani.

Asili ya reli za namna hii ni mkulima aliyekwama kwenye matope. Katikati ya miaka ya 1870, Paul Decauville, aliyekuwa na shamba la viazisukari huko Petit-Bourg, kusini mwa Paris, alikuwa na mavuno mengi shambani na mvua zilizofanya mikokoteni ishindwe kuingia. Alitengeneza vipande vya reli vilivyoshikamanishwa na mataruma ya chuma, kama ngazi, ambavyo watu wangeweza kuvibeba na kuvitandika juu ya udongo, kisha kuvihamisha kazi ikiisha. Upana wa reli yake ya kwanza ulikuwa milimita 400 tu. Mavuno yalitoka, na mkulima akageuka mwenye kiwanda. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1889, reli yake ya milimita 600 ilibeba abiria zaidi ya milioni 6.

Tanzania nayo ilizifahamu reli hizo. Katika mashamba ya mkonge zilikuwapo reli nyepesi za kubebea majani kutoka shambani hadi kiwandani, kabla matrekta na malori hayajachukua kazi hiyo. Huko Uingereza, Sir Arthur Heywood alijenga reli ya inchi 15 kwenye eneo la nyumba yake, Duffield, akitaka kuwaonyesha wenye mashamba jinsi njia ndogo inavyoweza kubeba mzigo mkubwa. Hata wale wanaotengeneza treni za mfano bustanini kwa kujifurahisha, zenye reli ya milimita 45, hupambana na adui wale wale: maji, mwinuko na kona kali.

Nani anaihitaji?

Mkulima wa eka mbili za mpunga asijisumbue. Mzigo wake hutoka shambani mara moja kwa msimu, na kwa kazi hiyo pawatila ya kukodi, au hata baiskeli, itamfaa zaidi. Reli hulipa pale mzigo ule ule unapopita njia ile ile kila siku. Kwa hiyo wanaostahili kuifikiria ni wenye mashine na maghala, wafyatua matofali, wenye bustani kubwa za ndizi zilizo mbali na barabara, na wakulima wa kokoa wanaokausha wenyewe. Hawa wa mwisho wana mfano mzuri kutoka Grenada, kisiwa cha bahari ya Karibi, ambako kokoa huanikwa juu ya trei kubwa zenye magurudumu. Mvua ikitisha, trei husukumwa juu ya reli zikaingia chini ya banda, bila mtu kuzoa punje hata moja. Kwa mpunga pia jambo hilo linawezekana, ingawa trei zitakuwa nyingi.

Faida ya reli iko kwenye wepesi wa kusukuma. Juu ya reli nyepesi iliyo safi na tambarare, tani moja husogea kwa nguvu ya kilo 10 hadi 15 hivi, yaani kama mtu anayevuta ndoo ya maji kutoka kisimani. Lakini wepesi huo huibwa haraka na mwinuko. Kila njia inapopanda sentimeta 1 kwa kila mita 1, tani hiyo huongeza uzito wa kilo 10 mkononi. Ikipanda sentimeta 3 kwa mita, vibarua wawili watahema. Ndiyo maana reli ya Sigi, iliyojengwa na Wajerumani kuelekea milima ya Usambara mwanzoni mwa karne ya 20, ilipanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma badala ya kuukabili mlima moja kwa moja.

Kwa bahati, Ifakara ni tambarare. Mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi ujenzi hupimia msingi, unatosha kupima njia yote. Piga mambo kila baada ya mita 10, funga kamba, na usikubali tofauti ya zaidi ya sentimeta 10 kati ya mambo na mambo. Ikiwezekana, uteremko kidogo uelekee ghalani, kwa kuwa safari ya kukimbia mvua ndiyo yenye mzigo na haraka.

Tuta kwanza, chuma baadaye

Kosa ambalo ni rahisi kulifanya ni kununua chuma kabla ya kushughulikia udongo. Mfinyanzi wa Kilombero huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na reli iliyolazwa juu yake bila matayarisho itapinda kabla ya mwaka kwisha. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, inua tuta la sentimeta 20 hadi 30 kwa udongo wa mchanga, lishindilie, kisha mwaga kokoto ngumu unene wa sentimeta 10. Vipande vya tofali la kuchoma visitumike badala ya kokoto, kwani husagika na kurudi kuwa tope. Chimba mtaro kila upande, na pale njia inapokata mkondo wa maji weka kalavati, hata kama mkondo huo huonekana wiki mbili tu kwa mwaka.

Kuhusu upana, milimita 600 ni kipimo kizuri, maana toroli halipinduki ovyo na bado linapita kwenye mlango wa ghala. La muhimu zaidi ni kuchagua upana mmoja na kubaki nao, hata kama jirani atakuuzia toroli zuri la kipimo kingine. Wafanyabiashara wa bonde hili hawahitaji kuambiwa zaidi ya neno moja, Kidatu. TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na tawi la reli lililotoka Kilosa lilijengwa kwa mita 1. Kwa tofauti ya milimita 67 tu, mabehewa hayakuweza kuvuka na mizigo ikabidi ihamishwe.

Reli halisi nyepesi, ya kilo 7 kwa mita, ni nzuri lakini ni adimu madukani. Badala yake fundi anaweza kutumia chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50, unene milimita 5, akikilaza kama paa la nyumba, mgongo ukitazama juu. Juu yake hupita magurudumu yenye mfereji katikati, yale ya mageti ya kusukuma pembeni. Chuma hicho huuzwa kwa vipande vya mita 6 na kina uzito wa kilo 3.77 kwa mita. Njia ya mita 60 inataka vipande 20, sawa na kilo 452 hivi. Mwenye kutaka kujua gharama aanzie hapo, aulize bei ya kilo, kisha aongeze vyuma vya kukatiza kila sentimeta 75, kokoto na ujira wa fundi. Halafu alinganishe na anachowalipa wabeba magunia kwa msimu mmoja, pamoja na hasara ya mpunga uliolowa mwaka jana.

Unganisha kila vipande viwili kwa kuchomelea, viwe ngazi ya mita 6 ambayo watu wawili au watatu wanaweza kuibeba. Baina ya ngazi na ngazi acha nafasi ya milimita 3, kwa sababu chuma cha mita 6 kikipata joto la jua la mchana hurefuka zaidi ya milimita 2. Wasioacha nafasi huikuta reli imejikunja kama nyoka. Anayetaka mataruma ya mti ajihadhari na mchwa. Mti wa mtiki, unaolimwa kwa wingi Kilombero na Ulanga, huwashinda mchwa kwa moyo wake wa kahawia tu. Nguzo changa zinazopunguzwa shambani huwa na sehemu nyeupe kubwa, nayo huliwa.

Kona ziepukwe kabisa kwenye reli ya chuma cha pembe. Kama lazima njia igeuke, weka bamba la chuma linalozunguka juu ya ekseli ya zamani iliyosimikwa katika zege. Toroli hupanda juu yake, hugeuzwa kwa mkono, na kuendelea upande mwingine. Ni polepole kidogo, lakini halichomoki njiani.

Toroli na usalama

Kwa magurudumu ya geti, mzigo usizidi kilo 500, yaani magunia 6 ya kilo 80. Uliza dukani uwezo wa kila gurudumu, na ujumlishe uzito wa toroli lenyewe. Lumbesa haina nafasi hapa. Gurudumu kubwa hupita vizuri zaidi juu ya maungio, na grisi itiwe kila wiki wakati wa msimu.

Toroli lenye nusu tani halisimami kwa kushikwa. Breki ya gogo linalobana gurudumu kwa mkono mrefu ni ya lazima, na mwisho wa njia zisimikwe nguzo mbili zenye matairi ya gari. Msukumaji hukaa nyuma, hapandi wala hatangulii mbele. Jioni toroli lifungwe kwa mnyororo na kufuli, kwani kwa watoto hakuna mchezo mtamu kuliko huo, na vidole vyao ndivyo vinavyolipa.

Jambo jingine ni asili ya chuma. Atakapokuja mtu na kipande cha reli kilichokatwa, cha bei nafuu mno, asinunuliwe. Kukutwa na vifaa vya njia ya TAZARA au ya Shirika la Reli kunaweza kumfikisha mtu mahakamani kwa kuhujumu miundombinu. Risiti ya duka au ya shamba lililouza chuma chake ihifadhiwe pamoja na hati za kiwanja. Vilevile toroli hilo lisithubutu kuwekwa juu ya njia ya treni. Huko Battambang, Kambodia, wanakijiji waliwahi kubeba abiria na mizigo juu ya reli ya serikali kwa majukwaa ya mianzi yenye injini ndogo, na yalipokutana mawili lenye mzigo mdogo lilibomolewa kupisha, lakini treni zenyewe zilipita hapo kwa nadra sana.

Kwa wale walio karibu na uwanda wa mafuriko, ngazi hizi zina faida moja zaidi. Maji ya masika yanapoanza kupanda, fungua boliti za maungio, beba ngazi moja moja, uzipange juu ya matofali ghalani na kuzipaka rangi ya kuzuia kutu. Tuta litahitaji kuongezwa udongo na kokoto maji yakipungua, kazi ya siku mbili au tatu, nayo imalizike kabla ya gunia la kwanza la mpunga mpya kufika.