Diski ya ndani na diski ya nje: Kasi inapotelea wapi?

Na Mwandishi Wetu

HARUSI imekwisha Jumamosi usiku. Mpiga video amemimina kazi yote ndani ya kompyuta yake, gigabaiti 100, na anataka kuweka nakala kwenye diski ya nje kabla ya kulala. Anachomeka, anaanza kunakili, na kompyuta inamwambia zimebaki dakika 48. Anapiga mwayo, anasitisha, anasema atafanya kesho. Kesho kuna harusi nyingine. Siku diski ya kompyuta itakapokufa, kazi ya watu itakuwa imekwenda nayo.

Mafundi wa kompyuta wanavijua vizuri visa vya namna hii. Wateja wengi huilaumu diski ya nje kwamba inajikokota na haifai kwa kazi kubwa. Je, lawama hizo ni za haki?

Mara nyingi si za haki. Ukifungua kasha la diski nyingi za nje, utakuta diski ya jamii ile ile inayofungwa ndani ya kompyuta mpakato: sahani zinazozunguka, na mkono mdogo unaosoma na kuandika juu yake. Kinachotofautiana ni njia ambayo data hupita. Ni kama mapipa mawili ya maji yaliyojaa sawasawa, moja limefungwa bomba la inchi mbili, jingine mrija wa kunywea soda.

Diski ya ndani huunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu wa kompyuta. Njia iitwayo SATA, iliyoingia sokoni mwaka 2003, ilianza na uwezo wa kupitisha megabaiti 150 kwa sekunde, ikapanda hadi 300, kisha 600. Diski inayozunguka haifiki hata nusu ya 600, kwa hiyo njia hiyo haiibani.

Diski ya nje hupitia tundu la USB, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. USB 2.0 iliyotoka mwaka 2000 hutangazwa kuwa na kasi ya 480. Mnunuzi akiona 480 kwenye boksi, anadhani amepata zaidi ya 300 ya SATA. Lakini 480 hiyo ni megabiti, si megabaiti. Baiti moja ina biti nane, hivyo ukigawa unapata megabaiti 60. Sehemu ya nafasi hiyo nayo huliwa na mawasiliano ya vifaa vyenyewe, na zinazoifikia diski huwa kati ya 30 na 40 tu kwa sekunde. Diski yenye uwezo wa megabaiti 100 na zaidi inabaki kusubiri mlangoni.

Ndiyo maana gigabaiti 100 zilimpa yule mpiga video dakika 48. Kwa USB ya kwanza kabisa, yenye megabiti 12, angesubiri zaidi ya siku nzima.

Mambo yalibadilika ilipotangazwa USB 3.0 mwaka 2008, yenye gigabiti 5 kwa sekunde. Hapo njia ikawa pana kuliko diski yenyewe. Diski ile ile ya nje, kwenye tundu la USB 3.0, huweza kumaliza gigabaiti 100 kwa dakika 15 hivi.

Tofauti inayobaki ni ya mzunguko. Diski ndogo za kubeba kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, wakati nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200. Inayozunguka upesi humfikia msomaji wake mapema. Jambo hili huonekana zaidi kwenye faili ndogondogo. Ukinakili picha 20,000, mkono wa diski unaruka huku na huko kutafuta nafasi, na kasi inaporomoka hata kama njia ni pana. Faili moja kubwa la video hupita haraka zaidi kuliko picha nyingi zenye ukubwa ule ule kwa jumla.

Kuna pia diski zisizozunguka kabisa, SSD, ambazo huhifadhi data kwenye chipu. Ikifungwa kwa SATA, hutoa megabaiti 500 hivi kwa sekunde. Zile za NVMe, zinazochomekwa kwenye ubao mkuu wenyewe, hupita 3,000. Kwa hiyo SSD ya nje kwenye tundu la USB 3.0 yaweza kuishinda kwa mbali diski ya ndani ya kompyuta ya zamani inayozunguka. Neno “ndani” peke yake si hakikisho la kasi.

Mnunuzi afanye nini? Kwanza, atazame tundu la kompyuta yake. La USB 3.0 mara nyingi lina rangi ya buluu kwa ndani. Umbo peke yake halitoshi, kwani tundu la USB-C, lile dogo linaloingia upande wowote, laweza kuwa na kasi kubwa au ile ile ya USB 2.0. Pili, akague waya. Diski, waya na tundu vyote vitatu lazima viwe vya kasi hiyo, kwani kimoja kikiwa cha zamani, vyote hushuka hadi kasi yake. Tatu, faili ndogo nyingi azifunge kuwa faili moja kabla ya kuzihamisha. Nne, asichomoe diski kabla ya kuiambia kompyuta iiachie, maana huenda data bado inaandikwa.

Video ya kuhaririwa ibaki kwenye diski yenye kasi. Lakini nakala ya akiba lazima ikae nje ya kompyuta, hata kama huko mwendo ni mdogo, kwa sababu mwizi akiondoka na kompyuta huondoka na diski ya ndani pia. Nakala inayochukua dakika 48 huahirishwa. Ya dakika 15 mtu huisubiri akinywa chai, kisha akalala akijua kazi ya watu iko salama.