Macalder: Jua Lipo, Hesabu Haipo

Macalder ilikuwa na umeme wake kabla Kenya haijapata uhuru. Katika miaka ya 1950, kampuni iliyokuwa ikichimba shaba na dhahabu ilijenga kituo kidogo cha umeme kwenye maporomoko ya Gogo, Mto Kuja, ili kuendesha mgodi. Uwezo wake ni megawati 2. Mgodi ulifungwa mwaka 1966, kituo kikabaki, na leo kiko mikononi mwa kampuni ya umeme ya KenGen kikiingiza umeme kwenye gridi ya taifa.

Mtambo wa kizazi hiki uko juu ya mabati. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 19.3 ya kaya nchini Kenya hutegemea sola kwa mwanga, huku asilimia 50.4 zikitumia stima ya gridi. Huku Nyatike, iliko Macalder, sola huchaji simu, huwasha televisheni na hufukuza giza dukani. Lakini jambo moja linashangaza. Mchimbaji wa hapa hupima dhahabu yake hadi sehemu ya gramu, na hakubali mizani ya mnunuzi kabla hajaikagua. Akifika nyumbani, umeme wake hupimwa kwa macho tu: taa ikiwaka, upo, ikizimika, umeisha. Ikizimika mapema, paneli ndiyo hulaumiwa. Fundi huitwa, paneli ya pili hununuliwa, na mara nyingi giza hurudi saa ile ile.

Mara nyingi paneli haina kosa. Ili kulijua hilo zinahitajika hesabu mbili: umeme ulioingia na umeme uliotoka. Moja bila nyingine haisaidii.

Chukua nyumba ya kawaida yenye paneli ya wati 100 na betri ya asidi ya saa-ampia 100. Eneo la Ziwa Victoria hupata jua kali la kutosha saa tano hivi kwa siku. Ukitoa hasara za joto, vumbi na nyaya, paneli hiyo italeta takriban wati-saa 350. Sasa hesabu matumizi. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa nne ni wati-saa 80. Simu tatu ni kama 30. Televisheni ndogo ya wati 40, kwa saa nne, ni 160. Jumla ni 270, na bado kuna akiba. Mbona basi televisheni inazimika katikati ya taarifa ya habari?

Jibu liko kwenye inveta. Kile kiboksi kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240 hula umeme hata kisipowasha kitu chochote. Inveta inayokula wati 15 ikiachwa wazi usiku na mchana humeza wati-saa 360, zaidi ya taa, simu na televisheni zikijumlishwa. Izime baada ya televisheni na mzigo wake utashuka hadi 60. Nyumba ile ile, kwa paneli ile ile, itajitosheleza bila mwenyewe kutoa hata shilingi moja.

Hesabu ya umeme unaoingia husomwa kwenye kontrola ya chaji. Zile za bei nafuu zina taa za kijani na nyekundu tu, na taa hizo husema machache mno. Kontrola yenye kioo huonyesha volti, ampia na, katika aina nyingi, jumla ya chaji iliyoingia tangu asubuhi. Wakati wa kufunga sola, hapo ndipo pa kuongeza fedha kidogo, kabla ya kufikiria ukubwa wa paneli.

Volti za betri nazo zina saa yake ya kusomwa. Adhuhuri, jua likichaji, kioo kitaandika 14 na ushei, na mwenye nyumba atalala akiamini betri imeshiba. Saa tatu usiku, televisheni ikiwa inawaka, kitaandika 12 naye ashtuke. Namba zote mbili hupotosha. Betri ya asidi isomwe alfajiri, kabla jua halijagusa paneli, vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Ikionyesha 12.7 imejaa, ikionyesha 12.1 imebaki nusu, ikikaribia 11.8 imekamuliwa, na ikikamuliwa hivyo kila usiku haitamaliza miaka mingi.

Betri za lithiamu, ambazo sasa zinaenea, huvuruga kipimo hicho. Volti zake hukaa karibu mahali pamoja tangu zikiwa zimejaa hadi zinapokaribia kuisha. Hizo hutaka kifaa cha kuhesabu chaji kinachofungwa kwenye waya hasi wa betri, nacho huonyesha asilimia iliyobaki kwenye kioo au kwenye simu. Sharti ni moja: kila waya hasi upitie kwenye kifaa hicho. Fundi akiunganisha taa moja kwa moja kwenye betri, asilimia utakayosoma ni ya uongo.

Kumbukumbu za kontrola za siku kadhaa pia hufichua wezi wa mchana. Namba zikishuka polepole wiki hadi wiki wakati wa kiangazi, panda ukaangalie vumbi la barabara na la mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Zikishuka saa ile ile kila alasiri, tafuta tawi la mwembe: kivuli juu ya pembe moja tu kinaweza kupunguza umeme wa paneli nzima. Na kwa kuwa Macalder iko karibu sana na ikweta, paneli haihitaji kuinuliwa sana. Mwinamo mdogo, wa kuwezesha mvua kuiosha, unatosha.

Wanaolipia sola kidogo kidogo kwa M-Pesa tayari wanapimwa, ila na mtu mwingine. M-KOPA, iliyoanza biashara hiyo mwaka 2012, iliweka laini ya simu ndani ya kiboksi chake cha betri, na kampuni ikaweza kufuatilia hali ya mtambo ikiwa mbali. Kisiwani Remba, Homa Bay, gridi ndogo za sola zimetumia mita za aina hiyo: salio likiisha, mita hukata. Ni teknolojia nzuri. Hata hivyo, mteja ana haki ya kuona zaidi ya siku zake zilizobaki, na hana budi kuuliza.

Waliounganishwa na Kenya Power wana kipimo ukutani. Taa nyekundu ya mita ya tokeni hupepesa kadiri umeme unavyotumika, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, kwa kawaida 1000 au 1600. Hesabu mipepeso ya dakika moja, zidisha kwa 60, gawanya kwa idadi hiyo. Mipepeso 20 kwenye mita ya 1000 ni kilowati 1.2: kuna pasi au birika linalofanya kazi. Mahesabu hayo yana faida, maana tangu Aprili 2023 bei nafuu kabisa ni ya wasiozidi uniti 30 kwa mwezi.

Kanuni za 2024 zinamruhusu mwenye sola kurudisha ziada kwenye gridi na kuhesabiwa nusu yake kama salio. Asijaribu kufanya hivyo kwa mita ya zamani bila idhini, kwani baadhi ya mita za tokeni huhesabu umeme unaorudi kana kwamba umetumika, na tokeni zikaliwa na jua la mwenyewe.

Kwa hiyo fundi akikushauri ununue paneli ya pili, mwombe kwanza leseni yake kutoka mamlaka ya nishati, EPRA, kisha akuonyeshe kwenye kontrola paneli ya kwanza imeleta kiasi gani wiki hii. Akishindwa kukuonyesha, usimlipe.