AJALI KAZINI: NI NANI ALIYELETA JERAHA?



Tuseme mkanda wa mashine ya kusaga mahindi huko Koboko hauna kinga, ukanasa mkono wa mtu na vidole vikakatika. Au tuseme mchambuzi wa majani katika ghala la tumbaku Arua ameugua kifua kwa vumbi. Nani atalipa? Sheria ya Uganda ina milango miwili.

Mlango wa kwanza ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Hapa huna haja ya kuthibitisha kosa la mwajiri. Yatosha kuonyesha kwamba uliumia kazini kwa sababu ya kazi, na kwamba jeraha lilikuzuia kupata mshahara kamili kwa siku 3 mfululizo au zaidi. Hata kama wewe mwenyewe ulizembea, haki yako haipotei. Aliyelemaa kabisa hulipwa mishahara ya miezi 60. Lakini mpe mwajiri taarifa kwa maandishi kabla ya mwezi 1 kupita.

Mlango wa pili ni kumshtaki mwajiri mahakamani kwa uzembe. Hapa malipo yaweza kuzidi, lakini mzigo ni wako. Lazima uthibitishe mambo matatu: mwajiri alikuwa na wajibu wa kukulinda, hakuutimiza, na kosa hilo ndilo lililokuumiza. Hili la tatu huwaangusha wengi.

Mahakama zetu zilirithi sheria hii kwa Waingereza, na hukumu za kwao bado husikilizwa. Katika kesi ya Barnett, iliyoripotiwa mwaka 1968, mlinzi wa usiku alikunywa chai yenye sumu. Daktari wa hospitali ya London hakumpima, akaagiza aende nyumbani. Akafa. Daktari alizembea, lakini mjane alishindwa kesi: mahakama iliona kwamba hata angetibiwa, dawa isingewahi kumwokoa.

Lakini mwaka 1956 mfanyakazi wa kiwanda cha Bonnington Castings, Scotland, alishinda. Alikuwa amevuta vumbi la aina mbili: moja halikuzuilika, la pili lilitokana na uzembe wa mwajiri. Mahakama ya juu ilisema yatosha kwamba vumbi la uzembe lilichangia ugonjwa kwa kiasi cha maana, hata kama si peke yake.

Kwa hiyo, ndugu, ukweli wako uwe na ushahidi. Andika siku, saa na hali ya mashine. Kumbuka majina ya walioona. Tunza karatasi za daktari. Kama mlilalamika juu ya kinga kabla ya ajali, hifadhi nakala ya barua. Kesi ya jeraha la uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3.

Usitie saini karatasi ya malipo usiyoielewa. Mwone kwanza mwakilishi wa chama, kisha ofisa kazi wa wilaya.